Namna wasimamizi wa mitandao wanavyofuatilia data iliyofungwa kwa siri bila kuifungua

MWALIMU anayeingiza majina ya wanafunzi katika mfumo wa serikali, mhudumu wa afya anayethibitisha uanachama wa mgonjwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na mkulima wa majani chai anayeangalia kwenye programu ya benki iwapo bonasi yake imeingia, wote wana jambo moja linalowaunganisha. Wakiwa katika kituo cha biashara cha Masimba, Kaunti ya Kisii, kila mmoja hutuma na kupokea data inayosafiri ikiwa imefungwa kwa siri.

Ufungaji huo hauonekani kwa macho. Anachokiona mtumiaji ni alama ndogo tu kwenye kioo cha simu au tarakilishi, au herufi "https" mwanzoni mwa anwani ya tovuti. Nyuma ya alama hiyo kuna kanuni za hesabu zinazogeuza nywila, nambari ya kitambulisho au matokeo ya maabara kuwa mchanganyiko wa herufi usioeleweka na mtu yeyote atakayeunasa njiani.

Kwa mwananchi, hiyo ni habari njema. Kwa msimamizi wa mtandao wa hospitali, shule au chama cha akiba na mikopo, ni habari njema inayozaa swali gumu: utakilinda vipi kitu ambacho huwezi kukisoma? Pazia linalomficha mgonjwa ndilo hilo hilo linaloweza kumficha mwizi.

Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo linavyojibiwa: ni nini msimamizi huweza kuona katika mawasiliano yaliyosimbwa, anavyokihesabu, anavyokigeuza kuwa picha, na mpaka ambao sheria za Kenya zimemwekea.

KUTOKA MIJINI HADI MASHINANI

Masimba ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Nyaribari Masaba, katika nyanda za juu za Gusii ambako majani chai, ndizi na maziwa huwapa wengi riziki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, intaneti nchini Kenya ilikuwa jambo la ofisi kubwa na mikahawa ya intaneti mijini, na ilisafiri kupitia setilaiti kwa gharama kubwa.

Hali ilianza kubadilika 2009 mikongo ya chini ya bahari ya TEAMS na Seacom ilipofika Mombasa, ikafuatwa na EASSy mwaka wa 2010. Serikali nayo ilitandaza nyaya za faiba chini ya mpango wa NOFBI hadi makao makuu ya wilaya na baadaye ya kaunti. Baada ya ugatuzi kuanza 2013, huduma nyingi ambazo awali zilihitaji safari ya kwenda Nairobi zilihamia mtandaoni: kodi, leseni, ununuzi wa serikali na usajili wa wanafunzi. SHA ilipochukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF) mnamo Oktoba 2024, hata dirisha la mapokezi la kituo cha afya likawa linategemea laini ya intaneti.

Matokeo yake ni kwamba kazi ya kusimamia mtandao, iliyokuwa ya wataalamu wa benki na vyuo vikuu, sasa imewafikia watu wa ofisi ndogo za mashinani. Mara nyingi mtu huyo ni mmoja tu, na pia ndiye anayerekebisha printa.

MAANA YA MAWASILIANO SALAMA

Data yoyote inayopita mtandaoni hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kichwa, kinachotaja inakotoka na inakokwenda. Ya pili ni mzigo wenyewe, yaani maneno, picha au nambari zinazotumwa.

Katika miaka ya mwanzo ya intaneti, mzigo ulisafiri wazi. Aliyekuwa njiani na programu ifaayo aliweza kusoma kila kitu, nywila zikiwemo. Mwaka wa 1995, kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa itifaki ya SSL kwa ajili ya kulinda biashara ya mtandaoni. Mwaka huo huo, mtafiti Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, aliunda SSH baada ya mtu kuingia katika mtandao wa chuo hicho na kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi.

SSL ilirithiwa na TLS mwaka wa 1999. Toleo linalotambuliwa kuwa imara zaidi, TLS 1.3, lilichapishwa Agosti 2018. SSH hadi leo ndiyo njia ya kawaida ambayo wataalamu huitumia kuingia kwenye seva zilizo mbali. Aidha, kuna njia za faragha za VPN ambazo huziunganisha ofisi mbili zilizo mbali kana kwamba ziko chini ya paa moja.

Kwa miaka mingi ulinzi huu ulitumiwa zaidi na benki na maduka makubwa, kwa kuwa vyeti vya utambulisho vya tovuti viliuzwa ghali. Mradi wa Let's Encrypt ulipoanza kuvitoa bila malipo mwishoni mwa 2015, tovuti ndogo nazo zilijiunga. Leo, zaidi ya asilimia 90 ya kurasa zinazofunguliwa kupitia kivinjari cha Chrome husafiri zikiwa zimesimbwa.

KINACHOONEKANA NA KISICHOONEKANA

Ili kuelewa kazi ya msimamizi, mtu anaweza kufikiria mzigo unaotumwa kwa matatu kutoka Nairobi hadi Kisii. Karani wa kituo cha matatu hafungui mzigo. Lakini anajua jina la mtumaji, jina la mpokeaji, uzito, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Akiona mtu mmoja anapokea vifurushi 40 kila usiku wa manane, hahitaji kufungua hata kimoja ili ajue kwamba kuna jambo la kuulizwa.

Mawasiliano yaliyosimbwa huacha alama za aina hiyo. Msimamizi huona anwani ya IP ya mashine inayotuma na inayopokea. Huona nambari ya mlango unaotumika: 443 kwa kawaida ni tovuti salama, na 22 ni SSH. Huona idadi ya pakiti, ukubwa wake, mfuatano wake na muda uliochukuliwa.

Kuna zaidi. Mashine mbili zinapoanza mazungumzo ya TLS, hupeana salamu kabla ya kufunga mlango. Katika salamu hiyo, jina la tovuti inayotafutwa kwa kawaida hutajwa wazi, na pia orodha ya mbinu za usimbaji ambazo mashine inazifahamu. Mnamo 2017, wahandisi wa kampuni ya Salesforce walibuni JA3, mbinu ya kuigeuza orodha hiyo kuwa alama ya utambulisho. Programu hasidi nyingi husalimu kwa namna yake ya pekee, hivyo huweza kutambuliwa kwa salamu kabla ya neno lolote kusemwa.

Hata hivyo, pazia linazidi kuwa zito. Katika TLS 1.2, cheti cha seva kilipita wazi. Katika TLS 1.3 kimefichwa. Tangu 2023 vivinjari vya Chrome na Firefox vimeanza kuunga mkono mbinu ya kuficha hata jina la tovuti ndani ya salamu, na Chrome ilianza kuchanganya mpangilio wa orodha yake ili isitambulike kwa urahisi. Maombi ya kutafuta anwani za tovuti, yaani DNS, ambayo zamani yalisafiri wazi, nayo huweza kusimbwa. Msimamizi wa leo anaona machache kuliko aliyekuwa akiona mwenzake wa 2005, na atakayekuja baada yake ataona machache zaidi.

KUHESABU BADALA YA KUSOMA

Suluhisho kuu ni kuhesabu. Mwaka wa 1996 kampuni ya Cisco ilianzisha NetFlow, utaratibu ambao ruta huweka kumbukumbu fupi ya kila mazungumzo yanayopita. Kumbukumbu hiyo huitwa mtiririko. Hutaja anwani mbili, milango miwili, aina ya itifaki, saa ya kuanza na kumaliza, pamoja na idadi ya pakiti na baiti. Maneno yaliyosemwa hayamo.

Kwa mfano, kumbukumbu inaweza kusema kwamba tarakilishi ya chumba cha dawa iliwasiliana na seva fulani kupitia mlango 443 saa 3.12 asubuhi kwa sekunde 8, na ikapokea kilobaiti 240. Mtu mmoja akiisoma kumbukumbu hiyo haimwambii mengi. Kumbukumbu 100,000 zikipangwa pamoja, zinasimulia maisha yote ya ofisi.

Kazi hii haina tofauti na ya karani wa kituo cha kununulia majani chai. Karani hafuati kila jani hadi shambani. Hupima uzito, huandika jina na tarehe, na baada ya msimu mmoja anamjua kila mkulima: anayeleta kilo 30 kwa siku na anayeleta tano. Siku ambayo mkulima wa kilo tano ataleta 90, karani atauliza.

Faida ya hesabu ilidhihirika mapema. Mnamo 1986, mnajimu Clifford Stoll, aliyekuwa akisimamia tarakilishi za maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alikuta hitilafu ya senti 75 katika hesabu za matumizi ya mashine. Badala ya kuipuuza, aliunganisha printa kwenye laini zilizokuwa zikiingia na kurekodi kila kilichopita. Ufuatiliaji huo ulimfikisha kwa mdukuzi aliyekuwa Ujerumani, akiuza siri za kijeshi kwa shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti, KGB.

KUGEUZA NAMBARI KUWA PICHA

Jicho la binadamu hutambua umbo haraka kuliko safu za nambari. Ndiyo maana msimamizi huzigeuza kumbukumbu zake kuwa michoro.

Mchoro wa kwanza na wa kale ni grafu ya muda. Mwaka wa 1995 Tobias Oetiker aliunda programu ya MRTG, ambayo husoma ruta kila baada ya dakika tano na kuchora data inayoingia kwa rangi ya kijani na inayotoka kwa mstari wa samawati. Programu hiyo haikuuzwa, na kwa miaka mingi michoro yake ya kijani na samawati ilikuwa ndiyo uso wa intaneti kwa mafundi wa Afrika Mashariki. Baadaye zilikuja Cacti, ntop na nyinginezo.

Mchoro wa pili ni ramani ya uhusiano. Kila mashine huwa nukta, na kila mazungumzo huwa mstari unaonenepa kadiri data inavyoongezeka. Programu ya EtherApe huchora hivyo papo hapo. Katika ramani hiyo, mashine iliyoambukizwa na inayojaribu kuingia kwa jirani zake wote huonekana kama buibui katikati ya utando.

Mchoro wa tatu ni jedwali la joto. Siku za juma hupangwa upande mmoja na saa 24 upande mwingine, kisha kila kisanduku hupakwa rangi kulingana na kiasi cha data. Jedwali la shule ya kutwa litawaka asubuhi hadi jioni na kuwa giza usiku na Jumapili. Kisanduku kimoja kinachowaka saa nane usiku wa Jumapili hakihitaji maelezo.

Isitoshe, michoro nayo hudanganya. Tuseme laini inapitisha megabiti 100 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 10 pekee, kisha inanyamaza. Grafu inayokadiria wastani wa dakika tano itaonyesha takribani megabiti 3.3. Katika grafu ya mwaka, ambayo wastani wake ni wa siku nzima, tukio hilo halitaonekana kabisa. Anayetegemea grafu ya mwaka peke yake ni sawa na anayepima mvua kwa kutazama ziwa.

DALILI ZA HATARI

Wataalamu wana dalili kadhaa wanazozitafuta katika mawasiliano yaliyofungwa.

Ya kwanza ni mpigo wa saa. Binadamu anapotumia mtandao huwa hana mpangilio: husoma, huinuka, hurudi. Programu hasidi iliyojificha huwasiliana na bwana wake kwa vipindi vilivyo sawa, kwa mfano kila baada ya sekunde 60, usiku na mchana. Maneno yake yamesimbwa, lakini mdundo wake hausimbiki.

Ya pili ni mzani uliogeuka. Tarakilishi ya ofisi kwa kawaida hupokea data nyingi kuliko inayotuma. Ile inayoanza kutuma gigabaiti kadhaa nje ya nchi usiku inaweza kuwa inaibiwa majalada.

Ya tatu ni mibisho mingi mlangoni. Seva yoyote yenye SSH iliyo wazi kwa intaneti hujaribiwa nywila na mashine za mbali mchana kutwa. Mazungumzo mafupi mamia kwa mamia kwenye mlango 22 ni majaribio. Mazungumzo marefu yanayofuata baada ya majaribio hayo huenda ni mafanikio ya mwizi.

Ya nne ni cheti cha ajabu: kilichokwisha muda, kilichojitia sahihi chenyewe, au cha tovuti iliyoundwa juzi na yenye jina linalofanana na la benki.

Lakini hakuna dalili iliyo na maana bila kujua hali ya kawaida ya mahali. Hapa ndipo mwenyeji anapomshinda mtaalamu wa mbali. Siku ambayo bonasi ya majani chai inalipwa, watu wengi huingia kwenye programu za benki na vyama vya akiba kwa wakati mmoja. Juma la kusajili watahiniwa wa mtihani wa kitaifa, shule zote hupakia data pamoja. Siku za soko na mwisho wa mwezi zina umbo lake. Asiyeijua kalenda ya Masimba ataona mlima kwenye grafu na kudhani ni shambulizi. Na iwapo shambulizi la kweli litatokea siku ya bonasi, atadhani ni bonasi.

YALIYOTOKEA KENYA

Matukio kadhaa ya kitaifa yameonyesha thamani ya michoro hii.

Mnamo Februari 2012, meli ilitia nanga karibu na bandari ya Mombasa na kuukata mkongo wa TEAMS. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Kenya na mataifa jirani. Katika visa kama hivyo, grafu humwambia msimamizi wa mashinani jambo la msingi: ruta yake ni nzima, laini ya hapa nchini ni nzima, tatizo liko baharini. Bila grafu, angebomoa mtambo wake akitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Julai 27, 2023, huduma za eCitizen zilikwama baada ya seva kufurishwa kwa maombi mengi kupita kiasi. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali, kupitia aliyekuwa Waziri wa Habari Eliud Owalo, ilithibitisha shambulizi hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Mnamo Oktoba 2024, Idara ya Haki ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi hilo. Shambulizi la aina hii halivunji kufuli yoyote. Husimamisha umati mlangoni hadi mwenye haja ya kweli akose kupita, na hesabu ya mitiririko ndiyo njia ya kuutenga umati na wateja.

Juni 25, 2024, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, mashirika yanayochora intaneti duniani, miongoni mwao NetBlocks na Cloudflare, yalionyesha grafu ya Kenya ikiporomoka ghafla saa za jioni. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilikuwa imesema haikuwa na nia ya kuzima intaneti. Safaricom ilisema hitilafu ilitokana na mikongo ya chini ya bahari, maelezo ambayo watetezi wa haki waliyatilia shaka. Grafu ilionyesha saa na kina cha anguko. Haikuweza, yenyewe, kuonyesha mkono uliolisababisha.

Hilo ndilo funzo la kudumu kuhusu michoro ya mtandao. Hueleza nini na lini kwa uhakika mkubwa. Kuhusu kwa nini, hutoa ushahidi unaohitaji kuungwa mkono na ushahidi mwingine.

NJIA YA KUFUNGUA BAHASHA

Baadhi ya mashirika hayaridhiki na kutazama bahasha. Huweka seva ya wakala katikati, ambayo huyasimbua mawasiliano ya wafanyakazi, huyakagua, kisha huyasimba upya na kuyaelekeza yanakokwenda. Ili jambo hilo liwezekane, kila tarakilishi ya ofisi hupewa cheti maalumu cha shirika kinachoifanya iiamini seva hiyo.

Mbinu hiyo ina uwezo, lakini ina gharama. Seva moja huwa mahali ambapo siri zote za ofisi hupita zikiwa wazi, na mdukuzi akiishika ameshika kila kitu. Programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi zikigundua mtu wa kati. Nazo nywila za wafanyakazi na mambo yao ya matibabu huonekana kwa mtu ambaye hayamhusu.

Zamani kulikuwa na njia nyingine: msimamizi mwenye ufunguo wa siri wa seva yake aliweza kurekodi mazungumzo na kuyasimbua baadaye kwa programu kama Wireshark, ambayo Gerald Combs aliianzisha 1998 kwa jina la Ethereal. TLS 1.3 imeifunga njia hiyo, kwa kuwa kila mazungumzo hutumia ufunguo wake wa muda unaotupwa baada ya matumizi. Fundi anayechunguza hitilafu kwenye mashine yake mwenyewe bado anaweza kuagiza kivinjari kuziandika funguo hizo pembeni, lakini hawezi kufanya hivyo kwa mashine asiyoimiliki.

MPAKA WA SHERIA

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya mawasiliano yake kutoingiliwa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inafanya kunasa data bila idhini kuwa kosa la jinai. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data ya mtu ikusanywe kwa lengo lililotajwa, kwa kiasi kinachohitajika tu, na isiwekwe zaidi ya muda unaofaa. Data ikivuja na kuwaweka watu hatarini, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Mjadala huu umewahi kufika mahakamani. Mnamo 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilipotaka kuweka mfumo wa kutambua simu bandia katika mitambo ya kampuni za simu, wakosoaji walisema ungeweza kutumiwa kupeleleza wateja. Mahakama Kuu iliuzuia Aprili 2018, na Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo Aprili 2020.

Msimamizi wa ofisi ndogo anaweza kudhani kwamba, kwa kuwa hasomi maneno, sheria haimgusi. Huo ni upotovu. Kumbukumbu za mitiririko ni data ya watu. Zikionyesha kwamba simu ya mfanyakazi fulani hufungua tovuti ya ushauri kuhusu Ukimwi kila Jumatatu, siri yake imekwisha kutoka hata kama hakuna neno lililosomwa. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, jedwali la saa na anwani linaweza kumvunjia mtu ndoa au kazi.

Ndiyo sababu wataalamu hupendekeza wafanyakazi waarifiwe kwa maandishi kwamba mtandao unafuatiliwa na ni nini kinachowekwa. Kumbukumbu zifutwe baada ya muda uliopangwa. Na orodha ya wanaoruhusiwa kuziona iwe fupi.

HATUA ZA OFISI NDOGO

Ofisi isiyo na bajeti kubwa inaweza kuanza na mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, iandike orodha ya mashine zake zote. Haiwezekani kumtambua mgeni nyumbani ikiwa wenyeji hawajulikani.

Pili, iwashe kumbukumbu za mitiririko kwenye ruta na kuzituma kwenye tarakilishi moja. Programu nyingi za kuzipokea na kuzichora hazilipiwi.

Tatu, iangalie grafu kwa majuma kadhaa kabla ya kuhukumu, na kuandika pembeni siku za soko, za mishahara, za bonasi na za mitihani.

Nne, itenge mtandao wa wageni na ule wa kazi. Wi-Fi ya wagonjwa au wazazi isipite njia moja na seva ya majalada.

Tano, ilinde macho yenyewe. Itifaki ya SNMP, inayotumika kusoma hali ya ruta, katika matoleo yake ya kwanza hupitisha neno la siri wazi. Toleo la tatu, lililokamilishwa 2002, ndilo lenye usimbaji. Ukurasa wa michoro nao ufungwe kwa nywila, kwa sababu ramani inayomsaidia mlinzi itamsaidia mwizi vile vile.

Sita, SSH itumie funguo badala ya nywila, na isiachwe wazi kwa dunia nzima.

Saba, ijulikane mapema atakayepigiwa simu dalili ikionekana. Kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni, KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupokea ripoti kutoka kwa umma na mashirika.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Msimamizi wa mtandao uliofungwa kwa siri ni mtazama mawingu: hazigusi barua za watu, hasikilizi mazungumzo yao, lakini anaijua anga ya kwake kiasi cha kutofautisha wingu la kila siku na lile la dhoruba. Mgonjwa aliye dirishani Masimba hatamjua kwa jina. Atajua tu kwamba jina lake lilipatikana, dawa akapewa, na siri yake ikabaki yake.